Pacha na Matawi ya Isyonje

Mgeni alikuwa amepiga hodi getini zaidi ya mara moja, lakini hodi yake ilimezwa na sauti ya Tusekile aliyekuwa akilibembeleza gari.

"Waka, mama. Waka leo tu, kesho nakuosha mpaka uvunguni."

"Bima yako imekwisha," gari lilijibu kwa upole. "Tunakutakia siku njema."

"Siku njema gani na wewe umenuna?"

Mama yake, aliyekuwa barazani akimenya ndizi, alicheka mpaka kisu kikamponyoka. "Mwanangu, ungekuwa unambembeleza mwanamume hivyo, saa hizi ningekuwa na wajukuu."

Lilikuwa pikapu kuukuu la usukani wa mkono, moja kati ya machache yaliyobaki Tukuyu tangu magari yanayojiendesha yalipozichukua barabara za lami. Yale mapya hayakujua kupanda vijia vya matope kwenda mashambani. Hili lilijua. Nyuma lilibeba miche ya parachichi, imesimama kwenye viriba vyake vya plastiki kama wanafunzi wanaosubiri safari. Akina mama wa vijiji vya Masoko na Lwangwa walikuwa wamekwisha kuchimba mashimo, na mvua za kupandia zilikuwa karibu kuanguka. Lakini kwa sheria za siku hizo gari lisilo na bima halikuwaka kabisa. Tusekile alikuwa ameipigia kila kampuni aliyoijua. Zote zilimjibu kwa adabu, na zote zilimwambia kitu kilekile: wewe ni dereva hatari.

"Hodi humu ndani!" mgeni alipaza sauti.

Alikuwa msichana mwembamba mwenye mkoba kifuani na raba nyeupe ambazo matope ya Tukuyu yalikuwa yameshazifanya vibaya.

"Karibu, binti," mama alisema. "Ila kama unauza sufuria, tunazo."

"Siuzi kitu, mama. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu."

"Namtafuta dada Tusekile. Mimi naitwa Kokubelwa, natoka Mbeya, kampuni ya bima ya Mwavuli."

Kichwa cha Tusekile kilichomoza dirishani mwa gari. "Mwavuli? Si nyinyi mlionikataa juzi kwa simu? Sasa mmeamua kumtuma mtu aje anikatae uso kwa uso?"

"Hakuna aliyenituma, dada." Msichana alikumbatia mkoba wake kwa nguvu zaidi. "Mimi ndiye mlezi wa Pacha wako. Nimekuja kukuuliza swali moja, maana linaninyima raha."

*

Mgeni hakuulizwa swali lolote mpaka alipopewa chai ya maziwa na bakuli la ndizi. Alipomaliza, alitoa kishikwambi mkobani na kukiegemeza kwenye birika.

"Dada unajua Pacha ni nini?"

"Najua kuwa ndiye anayeniharibia," Tusekile alisema.

Kila dereva wa mkono alikuwa na Pacha wake. Safari zote ulizowahi kuendesha, kila ulipokanyaga breki, kila ulipokata kona au kupiga honi, mashine ya kampuni ilizikusanya na kuzifinyanga kuwa dereva mwingine anayefanana nawe kwa tabia. Dereva huyo hakuwa na mwili. Aliishi ndani ya mashine, kwenye barabara zilizochorwa kwa picha za barabara za kweli, akiendesha bila kuchoka. Wewe ulipolala usiku mmoja, yeye alikwisha kuendesha umri mzima. Kampuni ilihesabu ajali zake, kisha ikakutoza wewe kwa makosa ambayo hujayafanya.

"Sasa tazama," Kokubelwa alisema.

Kwenye kioo pikapu dogo la bluu lilikuwa likipanda mlima katika ukungu. Ghafla lilikanyaga breki. Gari lililokuwa nyuma yake liliparaza bampa lake. Mlango ukafunguka, akashuka mtu mdogo sana, mwanamke aliyefunga kilemba, akatembea mbele hatua chache, akatazama kushoto, akatazama kulia. Hapakuwa na kitu. Akarudi garini, akaondoka. Mbele kidogo akasimama tena, akashuka tena, akatazama.

Mama alikuwa ameacha kumenya ndizi. "Hee! Na kilemba kile ni chako, Tusekile. Kile nilichokununulia mimi."

"Anafanya hivi daima," Kokubelwa alisema. "Nimemlea tangu nilipotoka chuo. Walezi wenzangu wananicheka, wanasema nina Pacha kichaa. Husimama panapokuwa na majani barabarani. Majani tu, dada! Hushuka, hutafuta, hakuti kitu, huondoka. Wala hachoki. Siku moja nilijikuta natokwa na machozi mbele ya mashine, nikasema lazima niende nikamuulize mwenyewe. Anamtafuta nani?"

Tusekile na mama yake walitazamana. Kisha wote wawili wakaangua kicheko, kile kicheko cha kukosa adabu kinachomfanya mgeni naye acheke bila kujua anachekea nini.

"Wewe kwenu wapi, mdogo wangu?"

"Nimezaliwa Bukoba, nimekulia Dodoma."

"Na hujawahi kupanda gari linaloendeshwa na mtu?"

"Hili lenu litakuwa la kwanza, kama likiwaka."

"Basi sikiliza. Gari likiharibika njiani, dereva anakata matawi. Anayatandaza barabarani, mengine nyuma ya gari, mengine mbele, mbali kidogo, ili anayekuja ajue: punguza mwendo, mwenzako amekwama. Ukiona matawi, nyuma yake kuna mtu."

Kokubelwa alibaki na kikombe mkononi. Magari yanayojiendesha yaliambiana yenyewe kwa mawimbi lipi limekwama na wapi. Kwa waliochora barabara za mashine, majani yalikuwa uchafu ulioletwa na upepo. Waliyanakili kwa uaminifu kabisa, kila tawi mahali pake. Hawakumweka mtu nyuma yake.

"Kwa hiyo anamtafuta aliyekwama," alisema polepole. "Miaka yote hiyo. Na sisi hatukumwekea."

"Maskini Pacha wangu," alisema Tusekile. Kwa mara ya kwanza alimwonea huruma mwanamke yule mdogo aliyekuwa amemchukia bila kumjua.

*

Zilikuwapo njia mbili za kupata bima, na Kokubelwa alizieleza bila kuficha.

Njia ya kwanza ilikuwa kumpogoa Pacha. Tabia ya matawi ingekatwa, Pacha angepita juu ya majani kama wenzake, na daraja la bima la Tusekile lingekuwa la kijani, la dereva salama, siku hiyohiyo. Ila kampuni isingekubali Pacha awe na tabia hii na mwenyewe ile. Kwa hiyo usukani wa pikapu ungefungwa kidhibiti, na kila ambapo Tusekile angetaka kusimama kwa majani, breki zingekataa.

"Pacha ni mali yako kisheria," Kokubelwa alisema. "Bila ridhaa yako hakuna anayeweza kumgusa. Ukisema ndiyo, nakifunga hapahapa."

Tusekile aliitazama miche yake. Baadhi ilikuwa imeanza kutoboa viriba kwa mizizi. Akina mama wa Lwangwa walimpigia asubuhi wakimwimbia kwenye simu wimbo waliomtungia, wimbo wa kumharakisha, wenye matusi matamu kuhusu mwendo wake wa konokono. Ndiyo ilimfika kwenye ncha ya ulimi.

"Na ya pili?"

"Safari ya ushahidi. Unaendesha mwenyewe, kifaa kinakutazama, mimi nakaa pembeni. Ukifaulu, ushahidi wako unalishinda neno la Pacha. Ni kwenda Uyole na kurudi hapa. Kusimama bila sababu ambayo jicho la kifaa linaitambua kunasamehewa mara moja. Mara ya pili safari inafutwa, na huruhusiwi kujaribu tena mpaka mwaka upite."

"Mwaka?" Mama alishika kiuno. "Miche itakuwa imezaa humohumo kwenye viriba!"

"Twende na ya pili," Tusekile alisema upesi, kabla ndiyo haijamponyoka.

Kokubelwa alibandika kifaa juu ya dashibodi, kitu kama jicho la samaki, akaminya kitufe. Pikapu likakohoa, likatetemeka, likawaka. Mama alipiga vigelegele hadi kuku wa jirani wakatawanyika.

*

Ilikuwa safari ya raha. Kokubelwa, ambaye magari aliyoyazoea yalikwenda kimya kama lifti, alishtuka kwa kila kona na kufurahi kwa kila kona. Alitaka kujua gia ni nini na kwa nini inalia. Walipofika Kiwira, Tusekile alipiga honi kuwasalimu wauza ndizi, nao wakapunga mikono. Jicho la samaki liliandika kwamba honi imepigwa bila hatari yoyote.

"Hiyo inakatwa alama?" Tusekile aliuliza.

"Kidogo."

"Basi nitapunguza salamu."

"Usipunguze," Kokubelwa alisema, kisha akaziba mdomo, maana mlezi hakuruhusiwa kushauri.

Walipoukaribia mwinuko wa Isyonje ukungu uliwafunika kama blanketi bichi. Na hapo, upande wao wa barabara, kwenye kona isiyo na nafasi ya kupishana, palikuwa na matawi ya mkaratusi, mabichi, yamelala kwa mpangilio.

Tusekile hakuwaza. Mguu ulikwisha kufika kwenye breki.

"Kusimama bila sababu," jicho la samaki lilisema. "Mara ya kwanza. Umesamehewa."

Mbele ya matawi, katika ukungu, lilitokea lori la viazi lililolala upande mmoja kama ng'ombe mgonjwa, taa zote zimekufa. Kama wasingesimama wangeliingia mgongoni.

Kokubelwa alishuka kabla ya Tusekile. Alitembea hatua chache, akatazama kushoto, akatazama kulia, na kutoka uvunguni mwa lori akachomoza mwanamume mwenye grisi hadi masikioni.

"Yupo!" msichana alipiga kelele, akimgeukia Tusekile huku anarukaruka barabarani. "Dada, yupo! Kuna mtu!"

Mwanamume alishangaa. "Nipo ndiyo. Kwani mlisikia nimekufa?"

Aliitwa Ambakisye. Ekseli ilikuwa imekatika. Alikuwa ameita gari la kuvuta kutoka Uyole. Alipoona wanawake wawili wamemzunguka wakicheka, mmoja akimpiga picha kila pembe kama bwana harusi, alianza kujifuta grisi usoni na kuuliza kama nywele zake ziko sawa.

"Jumatatu nitamweka ndani ya mashine," Kokubelwa alikuwa akijisemea. "Lori lake na viazi vyake, nyuma ya matawi. Wakubwa watabishana msimu mzima, lakini nitamweka. Pacha atashuka atamkuta."

"Dada dereva," Ambakisye alimwambia Tusekile kwa sauti ya chini, "mwenzako huyu mzima?"

"Mzima kabisa. Ana furaha tu."

"Basi nina ombi. Hilo gari la kuvuta halina mtu ndani. Likishaninasa linaondoka papo hapo, nami nimefungiwa kwenye kabini. Haya matawi yangu hayana wa kuyaondoa."

Tusekile alielewa. Matawi yanayobaki baada ya gari kuondoka ni uongo uliolala barabarani. Anayeyaona anahama upande, anaingia njia ya anayekuja, kwa kumkwepa mtu ambaye hayupo. Na aliyedanganywa hivyo mara mbili tatu, siku ya matawi ya kweli hapunguzi mwendo.

"Nikirudi nitayaondoa, kaka. Sitapita bila kuyaondoa."

"Ndaga, asante, dada. Nimekuamini."

Wala hawakupeana mikono, kwa sababu ya grisi. Tusekile aliwasha gari, akalikwepa lori taratibu, akaenda zake. Walikuwa wameanza kuteremka ndipo alipokumbuka jicho la samaki, na kwamba msamaha wake mmoja ulikwisha kutumika.

*

Uyole waligeuza. Alama zilikuwa nzuri. Kokubelwa alizisoma kwa sauti kama anayesoma matokeo ya mdogo wake: kona vizuri, mwendo vizuri, umbali vizuri sana. Salamu tu ndizo zilizozidi.

"Tukifika nyumbani bila kusimama, dada, una daraja la kijani. Kesho unapeleka miche."

Tusekile alikaza macho barabarani. Alikuwa akijibishana na nafsi yake. Labda Ambakisye yupo bado, ekseli si kitu cha kuvutwa haraka. Labda mpita njia mwenye moyo mzuri ameshayasogeza. Watu wazuri wako wengi Isyonje.

Ukungu ulikuwa umepungua walipoifikia kona. Lori halikuwapo. Matawi yalikuwapo, safari hii upande wa pili wa barabara. Kabla hawajayafikia, pikipiki iliyobeba mikungu ya ndizi ilitokea chini ikipanda. Dereva wake aliyaona matawi, akahama, akaja moja kwa moja mbele ya pikapu. Tusekile alipiga honi na kubana ukingoni. Pikipiki ikapenya, mkungu mmoja ukakwaruza kioo cha pembeni, na sauti ya dereva ikabaki nyuma ikisema, "Samahani, dada! Nilidhani kuna mtu!"

Kokubelwa alikuwa ameshika dashibodi kwa mikono miwili. Aliyatazama matawi, kisha jicho la samaki, kisha uso wa Tusekile.

"Dada," alisema haraka. "Tumalize kwanza. Imebaki kidogo tu. Tukifika tunachukua pikipiki, tunarudi, nakuapia nitayabeba mwenyewe, yote."

Lilikuwa wazo zuri. Tusekile alilipima kwa haki. Alifikiri juu ya viriba vilivyotobolewa na mizizi na mashimo yaliyochimbwa Lwangwa, ambayo mvua ingeyajaza maji matupu. Alifikiri pia juu ya yule mtu wa ndizi, na wa nyuma yake, na wa nyuma ya huyo, kila mmoja akija na roho yake mkononi kwa ajili ya uongo. Na alikumbuka maneno yake mwenyewe. Hakumwambia Ambakisye nitarudi baadaye. Alimwambia sitapita.

"Mdogo wangu, yule kaka aliniamini bila kunipima kwa mashine," alisema. Akaingiza pikapu ukingoni kadiri kona ilivyoruhusu, akawasha taa za tahadhari, akavuta breki ya mkono.

"Kusimama bila sababu," jicho la samaki lilisema. "Mara ya pili. Safari imefutwa. Gari litafika nyumbani na kujifunga. Tunakutakia siku njema."

"Nawe pia," Tusekile alisema, akashuka.

Alifunga mlango wa gari. Kisha harufu ya mkaratusi ikampata, kali na safi, na chini bonde lote la chai lilikuwa limetoka kwenye ukungu, kijani hadi mwisho wa macho. Alikaza kilemba. Alishika tawi la kwanza, kubwa kuliko yote, akalivuta. Liligoma. Alilivuta tena, na mara likawa jepesi.

Kokubelwa alikuwa amelishika upande wa pili, raba zake ndani ya matope.

"Kwa hiyo hutapeleka miche," alisema, na macho yake yalikuwa na maji.

"Sitaipeleka kwa gari. Nitawapigia akina mama waje na vikapu. Wataniimbia matusi njia nzima, lakini watakuja. Itakayosalia itasalia, na mingine itakufa." Tusekile alilikamata tawi upya. "Shika vizuri. Moja, mbili..."

Walilirusha mtaroni. Wakarudia lingine, na lingine, Kokubelwa akicheka huku anapenga kamasi, mpaka mikono yote minne ikawa inanata utomvu. Gari moja linalojiendesha lilipita kimya, likafuatwa na landrova kuukuu lenye mzee kwenye usukani. Mzee alipunguza mwendo, akaona wanachofanya, akapiga honi mara mbili bila hatari yoyote.

Tusekile alirudi katikati ya barabara, akaokota kijitawi cha mwisho kilichokuwa na majani matatu tu, kidogo kiasi kwamba hakuna dereva ambaye angekiona. Akakibeba hadi mtaroni, akakiweka juu ya wenzake.

"Tayari, kaka," alisema.